Chagua Mji, Usiifuate Timu: Safari ya Kwenda Kutazama Mashindano Makubwa

Mei 2025, Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mashabiki walijua kwamba mechi ya marudiano dhidi ya RS Berkane ya Morocco itapigwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mechi ikiwa imekaribia, ikahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Mkapa huingiza watu 60,000; Amaan huingiza 15,000. Shabiki aliyepanda basi kutoka Mbeya au Mwanza, akiwa amekwisha kulipia chumba Temeke, sasa alitakiwa kutafuta boti, kitanda cha Unguja, na nafasi katika uwanja ambao ni robo tu ya ule wa kwanza. Hapakuwa na alilokosea. Alijipanga kwa mambo yaliyojulikana, na mambo yakageuka.

Ushauri mwingi wa safari za michezo husema jambo moja: wahi. Wahi tiketi, wahi ndege, wahi hoteli. Kwa safari ya harusi au ya Hija, tarehe na mahali vikiwa vimeshawekwa, ushauri huo unatosha. Mashindano makubwa si hivyo. Mwenyeji anaweza kubadilika, tarehe ikasogea, uwanja ukahamishwa, na timu unayoifuata ikafungashiwa virago siku ya 10. Anayewahi kulipia kila kitu ndiye anayepoteza zaidi mambo yakigeuka. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu kuwahi. Linahusu kujua lipi halitabadilika, lipi huenda likabadilika, na lipi haliko mikononi mwako kabisa. Kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, mara ya kwanza kwa nchi zote tatu, swali hilo sasa limetuhusu hata sisi ambao miaka yote tumetazama fainali hizo kwenye vibanda umiza.

Ruhusa huja kabla ya tiketi

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba tiketi ya uwanjani ni ruhusa ya kuingia nchini. Kombe la Dunia la 2026 limelifundisha somo hilo kwa ukali. Ni mashindano makubwa kuliko yote yaliyotangulia: timu 48, mechi 104, miji 16 katika Marekani, Kanada na Mexico, kuanzia 11 Juni hadi 19 Julai. FIFA iliuza tiketi kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Lakini Oktoba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Desemba ya mwaka huohuo likatoka tangazo jingine, na kuanzia 1 Januari 2026 viza hizo zikasitishwa kwa Watanzania, kama zilivyokuwa zimesitishwa kwa Warundi tangu Juni 2025. Senegal na Ivory Coast, ambazo timu zao zilikuwa zimeshafuzu, nazo zilikuwemo. Msamaha ulitolewa kwa wachezaji, makocha na watumishi wa timu. Shabiki hakutajwa.

Linganisha na Qatar mwaka 2022. Huko mwenye tiketi alijisajili akapata kadi ya Hayya, na kadi hiyo ndiyo iliyokuwa kibali cha kuingia nchini, mlango wa uwanjani, na nauli ya metro bila malipo. Morocco nayo, kwa AFCON ya 2025, ilimtaka kila shabiki awe na kitambulisho cha shabiki kilichopatikana kupitia programu ya simu iitwayo Yalla. Bila hicho, tiketi peke yake haikufungua geti. Nchi hizi mbili ziliunganisha karatasi za safari na karatasi za mchezo. Marekani imeziacha mbali mbali.

Kutokana na hayo, kabla hujatoa hata senti ya tiketi, jiulize: tiketi hii inaniingiza nchini, au inaniingiza uwanjani tu? Ikiwa ni uwanjani tu, basi viza ndiyo safari, na mengine yote yasubiri. Pasi ya kusafiria iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi, maana nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege huudai.

Kwa mashindano ya nyumbani hali ni nyepesi, ingawa si nyepesi kama wengi wanavyodhani. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Anayevuka Namanga, Sirari au Mutukula atahitaji pasi au hati ya muda ya kusafiria. Ndugu na marafiki wanaotoka Ulaya au Amerika Kaskazini kwa pasi za huko wana mtego wao. Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki inahusu Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania inaombewa viza yake peke yake. Mtu akipanga kutazama mechi Kampala Jumanne na Dar es Salaam Ijumaa, ana maombi mawili ya kujaza. Na wote, wa ndani na wa nje, wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wapo wengi waliokwisha kurudishwa pembeni mpakani, basi likiwasubiri, kwa sababu ya kile kijitabu kidogo cha njano.

Kalenda huandikwa kwa penseli

Tazama rekodi ya mashindano ya Afrika katika miaka ya karibuni. Novemba 2018 Cameroon ilinyang'anywa AFCON ya 2019, miezi saba kabla ya kuanza, na Januari iliyofuata ikapewa Misri. Kenya ilipoteza CHAN ya 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Septemba 2017, ikaenda Morocco. AFCON iliyoitwa ya 2021 ilichezwa Januari 2022. Ya 2023 ikachezwa Januari 2024. Ya 2025 ikamalizika 18 Januari 2026. CHAN ya 2024, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja, ilitakiwa ianze Februari 2025. Wiki chache kabla ya siku ya kwanza ikasogezwa hadi Agosti. Sababu hutofautiana: viwanja havijakamilika, hali ya hewa, mashindano mengine kuingiliana, janga la Uviko. Tokeo kwa shabiki ni lilelile: likizo aliyoiomba kazini haina kazi tena, na tiketi ya ndege isiyorudishwa imegeuka karatasi.

Haya hayatokei katika michezo yote kwa kiwango kimoja. Olimpiki na mashindano ya dunia ya riadha hutoa ratiba yao mapema, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja kabla, na ratiba hiyo haitegemei nani kashinda jana. Fainali ya mita 1,500 itakimbiwa jioni iliyopangwa, awepo nani au asiwepo nani. Shabiki wa Kenya aliyetaka kwenda Paris mwaka 2024 aliweza kukaa na kalenda na kuchagua jioni moja tu. Tarehe 10 Agosti, kwenye Stade de France, Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800, na jioni hiyohiyo Faith Kipyegon akatwaa dhahabu yake ya tatu mfululizo ya mita 1,500. Tiketi moja, dhahabu mbili. Hakuna shabiki wa kandanda anayeweza kupanga jambo la namna hiyo.

Riadha ina fadhila nyingine isiyosemwa sana: sehemu yake tamu zaidi kwetu haina kiingilio. Marathoni hukimbiwa barabarani. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Mstari wa kumalizia ulikuwa ndani ya uwanja, lakini sehemu kubwa ya mbio ilipita mitaani, mbele ya yeyote aliyesimama kando ya njia. Mwezi huohuo Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika bara la Afrika. Bingwa wa baiskeli Tadej Pogačar alipita mbele ya watu ambao hawakulipa chochote. Waliolipa, kwa namna yao, ni wakazi wa mji: shule zilifungwa wiki ile na barabara nyingi zikazibwa. Kwa mtu wa Bukoba, Bujumbura au Goma mwenye hamu ya kuona wanamichezo bora duniani kwa macho yake, mashindano ya namna hiyo ni nafuu kuliko fainali yoyote ya mpira.

Kandanda, kwa upande wake, ina siku moja inayopaswa kuongoza mipango yote: siku ya droo. Droo ya AFCON ya 2025 ilichezeshwa Januari 2025 mjini Rabat, karibu miezi kumi na moja kabla ya mechi ya kwanza. Ya Kombe la Dunia la 2026 ilichezeshwa 5 Desemba 2025, takribani miezi sita kabla. Kabla ya droo, fanya yale tu ambayo hayatapotea: pasi, chanjo, akiba, kikundi cha kusafiri nacho. Baada ya droo ndipo uanze kulipia.

Timu ina safari yake

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Shabiki anapopanga safari kwa kuifuata timu, amekubali kwamba ratiba yake itaandikwa na miguu ya watu wengine.

Chukua Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, kwenye AFCON ya 2025 nchini Morocco. Walipangwa kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Walianza Fez kwa kufungwa 2-1 na Nigeria, wakaenda Rabat kutoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha wakatoka sare nyingine kama hiyo na Tunisia, palepale Rabat, tarehe 30 Desemba. Walikuwa na pointi mbili. Katika historia yao yote ya AFCON hawakuwahi kuvuka hatua ya makundi, kwa hiyo Mtanzania mwenye akili timamu aliyekata ndege kabla ya mashindano angejiwekea kurudi tarehe 31 Desemba. Angekuwa na haki. Lakini pointi mbili zilitosha safari hii, kwa sababu timu nne bora kati ya sita zinazoshika nafasi ya tatu nazo husonga mbele, na Stars walikuwa na mabao mengi kuliko wenzao wenye pointi kama zao. Tarehe 4 Januari walicheza na wenyeji, Morocco, wakafungwa bao 1-0. Mechi ya kwanza ya mtoano ya Tanzania katika historia yake ya AFCON ingempita msafiri huyo akiwa nyumbani, mbele ya televisheni.

Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana CHAN, Agosti 2025. Kenya ilimaliza kileleni mwa kundi lililokuwa na Morocco, na Nairobi nzima ikaanza kuiota fainali ya Kasarani. Tarehe 22 Agosti Harambee Stars wakatolewa na Madagascar kwa penalti; siku hiyohiyo Tanzania ikatolewa na Morocco; kesho yake Uganda ikatolewa na Senegal. Ndani ya siku mbili wenyeji wote watatu wakawa watazamaji. Aliyejipanga kuifuata timu alibaki na tiketi asiyoitaka. Aliyejipanga kuwa Nairobi mwishoni mwa mwezi alishuhudia Morocco ikiishinda Madagascar 3-2, fainali ya mabao matano, mpira wa kushambuliana hadi mwisho.

Ndiyo maana ya kuchagua mji. Mji hautolewi kwa penalti. Ukichagua mji mmoja wenye mechi za makundi, ukakaa siku saba au nane, utaona mechi tatu au nne za uhakika, za timu tofauti, bila kukimbizana na ndege. Timu yako ikipangiwa mji huo, umepata mawili. Isipopangiwa, bado umeona mashindano.

Wapo watakaosema huo si ushabiki, ni utalii. Hoja yao ina uzito. Nchini Morocco, Mkongomani Michel Kuka Mboladinga alijulikana bara zima kwa kusimama wima, mkono mmoja juu, bila kutikisika kwa dakika zote za mechi za Leopards, timu ya taifa ya Kongo, akiiga sanamu ya Patrice Lumumba. Timu yake ilicheza Rabat na Tangier, na aliifuata hadi ilipotolewa na Algeria katika dakika za nyongeza. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia achague mji. Lakini kuifuata timu kunawezekana vizuri kwa masharti mawili: mwendo mfupi kati ya viwanja, na kundi lililojipanga. Morocco ina treni ya kasi ya Al Boraq inayounganisha Tangier, Rabat na Casablanca. Qatar ilikuwa rahisi zaidi: viwanja vinane, vyote kuzunguka Doha, kiasi kwamba mtu aliweza kutazama mechi mbili kwa siku. Masharti hayo yakikosekana, kuifuata timu ni starehe ya mwenye fedha nyingi na likizo isiyo na mwisho.

Ramani ya 2027 haifuati bendera

Tuipime hoja hii kwa Afrika Mashariki. Viwanja vinavyotajwa ni Kasarani na uwanja mpya wa Talanta wa watu 60,000 mjini Nairobi. Mkapa jijini Dar es Salaam, Amaan ya Unguja, na uwanja mpya wa watu 30,000 Arusha. Namboole karibu na Kampala, na Hoima, magharibi mwa Uganda. Ukivipanga kwa nchi, unapata nchi tatu. Ukivipanga kwa saa za safari, unapata kanda tatu tofauti kabisa.

Kanda ya kwanza ni Nairobi na Arusha. Kutoka Nairobi hadi Arusha kupitia Namanga ni kama kilomita 270, safari ya asubuhi moja. Mkazi wa Nairobi yuko karibu zaidi na uwanja wa Arusha kuliko alivyo karibu na Mombasa. Mkazi wa Arusha naye ana zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam. Kasarani ni jirani yake kuliko Mkapa. Shabiki anayejali mpira kuliko bendera angelala mji mmojawapo kati ya hiyo miwili na kuonja mechi za nchi mbili.

Kanda ya pili ni Dar es Salaam na Unguja, saa mbili hivi kwa boti ya kasi. Hapa kinachobana ni bahari yenyewe: boti zina idadi ya viti, na safari za mwisho huondoka kabla mechi ya usiku haijaanza. Mechi ya usiku Amaan ina maana ya kulala Unguja. Mgeni wa kutoka nje ya nchi akumbuke pia kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka akate bima ya safari ya dola 44.

Kanda ya tatu ni Kampala na Hoima, kama kilomita 200 kwa barabara ya lami. Iko peke yake. Kutoka Nairobi hadi Kampala ni takribani kilomita 650, yaani usiku mzima ndani ya basi, na foleni ya Busia au Malaba katikati. Reli za kisasa tunazojivunia hazisaidii hapa, maana hakuna hata moja inayovuka mpaka kati ya nchi hizi tatu.

Kwa hiyo mpango wa "nitazunguka nchi zote tatu nikiifuata timu" ni mzuri kwa maneno na mbaya kwa mwili. Kanda moja kwa wiki moja inatosha. Mwenye wiki mbili achukue kanda mbili, na ahamie ya pili kwa ndege, si kwa basi.

Tiketi, geti na maisha ya mtu

Biashara ya tiketi imebadilika kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari hii. Zamani ulikwenda getini mapema ukapanga foleni. Leo tiketi iko kwenye simu, au kwenye kadi kama N-Card ya Tanzania. Kombe la Dunia la 2026 lilileta bei zinazopanda na kushuka kwa kufuata mahitaji, na soko rasmi la kuuziana tena ambako FIFA inachukua asilimia 15 kwa muuzaji na asilimia 15 nyingine kwa mnunuzi. Kelele za mashabiki zilipozidi, Desemba 2025 FIFA ilitenga tiketi chache za dola 60 kwa wafuasi wa timu zilizofuzu, zigawiwe na mashirikisho yao. Ukitaka tiketi ya bei ya chini, basi, mlango wake mara nyingi ni shirikisho la taifa au kikundi cha mashabiki kinachotambuliwa, si tovuti ya jumla.

Mlanguzi hajafa, amehamia kwenye simu. Anakutumia picha ya tiketi, nawe unalipa kwa simu, kisha mnafika getini watu watano na picha moja. Mashine husoma ya kwanza na kukataa nne. Tiketi usiyoweza kuihamishia kwenye akaunti yako mwenyewe, usiilipie.

Sababu ya kushikilia kanuni hii inazidi fedha. Wakati wa CHAN, watu wasio na tiketi walilazimisha kuingia Kasarani katika mechi za mwanzo za Kenya, na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likapunguza idadi ya watazamaji hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia. Maelfu waliotaka kulipa kihalali walikosa nafasi kwa sababu ya wale waliovunja geti. Mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Tarehe 24 Januari 2022, katika Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro, watu wanane walikufa katika msukumano getini. Fika uwanjani saa tatu kabla ya filimbi ya kwanza, ujue geti lako kwa jina, na mkubaliane mapema mahali pa kukutania endapo mtandao wa simu utaelemewa, kama ambavyo huelemewa siku za mechi kubwa. Ukiona umati umesimama mbele ya geti lililofungwa, rudi nyuma.

Kitanda na shilingi

Hoteli hupandisha bei mara droo inapotoka, kisha nyingine huzishusha wiki za mwisho zikiona vyumba havijajaa. Ilitokea Paris: waliosubiri hadi karibu na Olimpiki walikuta bei zimelegea kuliko zilivyotangazwa mwaka mmoja kabla, huku tiketi ya metro ikiwa imepandishwa kutoka euro 2.15 hadi 4. Usiichukue hiyo kuwa kanuni. Chukua somo lake: kata mapema chumba kinachoweza kufutwa bure, hata kikiwa ghali kidogo, kisha endelea kutazama bei. Chumba cha bei nafuu kisichorudisha pesa ndicho ghali kuliko vyote mechi ikihamishwa.

Pili, lala upande wa uwanja. Namboole iko Bweyogerere, kwenye barabara ya Jinja. Anayelala Mukono, au hata Jinja, hana haja ya kupambana na foleni za katikati ya Kampala. Kwa Mkapa, gesti za Temeke, Keko na Kurasini zitakufaa kuliko hoteli ya Masaki yenye mandhari ya bahari. Kwa Kasarani, tafuta kando ya barabara ya Thika. Kwa Arusha, Moshi iko kilomita 80 tu. Mashabiki wa 2022 walilijua hili kwa kiwango cha nchi: Doha ilipojaa, wengi walilala Dubai au Muscat, na Oman Air na mashirika mengine yakaweka ndege za kwenda asubuhi na kurudi usiku baada ya mechi. Waswahili wa Oman walikuwa saa moja na nusu tu kutoka Kombe la Dunia.

Kuhusu fedha, gawa bajeti mafungu matatu: pesa isiyorudi, pesa inayoweza kuhamishwa, na akiba usiyoigusa. La kwanza, yaani tiketi za mechi, viza na chanjo, libaki dogo kadiri inavyowezekana. La pili ni ndege na chumba. Ongeza kidogo ununue haki ya kubadilisha tarehe. La tatu liwe la siku mbili tatu za ziada, kwa ajili ya pointi mbili zitakazotosha ghafla, au kwa ajili ya daktari. Safiri na kikundi ikiwezekana. Matawi ya Simba na Yanga, vyama vya akina mama na vikundi vya kuweka na kukopa vimeshazoea kuchangishana kila mwezi. Kikundi kinachoanza kuchanga mwaka mmoja kabla hukodi basi lake, hujadili bei ya gesti kwa jumla, na hakimwachi mgonjwa njiani.

Hukumu

Safari ya mashindano makubwa hupotea pale mtu anapolipia mapema kile kisichojulikana na kuchelewesha kile kinachojulikana. Tumezoea kufanya kinyume: tunakimbilia tiketi ya fainali tusiyojua nani ataicheza, na kuiacha pasi imalize muda wake kabatini.

Serikali tatu zilizopewa mashindano nazo zina deni. Zitangaze kanda za makundi mapema. Zikubali kitambulisho cha taifa katika mipaka yote mitatu kwa mwezi mmoja tu wa mashindano. Mwenye tiketi kutoka nje apewe kibali kimoja cha nchi zote tatu, kama Qatar ilivyoweza kuunganisha viza na tiketi. Bila hayo, jina la Pamoja zililolipa ombi lao la kuandaa mashindano litabaki kwenye mabango.

Kwako msomaji, kazi ya mwaka huu ni ndogo na haina hasara hata mashindano yakisogezwa: fungua pasi yako utazame tarehe ya mwisho, chanja, anzisha kikundi, chagua mji. Mengine yasubiri droo.